Kisanduku cha Dalali

Daktari aliuliza swali lake kwa upole, akaweka kalamu chini, akangoja. Chapchap akasogea mpaka ukingoni mwa kiti chake.

Swali lenyewe halikuwa fumbo. "Mzee, ukitoka hospitalini unataka kuishi wapi, na kwa nini? Nieleze kwa maneno yako mwenyewe." Mtu mwenye ulimi wake angejibu huku anafunga kamba za viatu. Lakini mzee aliyeulizwa alikuwa amepigwa na kiharusi, na kiharusi kile kilichagua kama mwizi anayeijua nyumba: kilimwachia akili zote, kikachukua ulimi, kikapitia na mkono wa kulia. Alichobaki nacho cha kusemea ni kidole kimoja cha mkono wa kushoto na kisanduku kilicholala mapajani mwake.

Kisanduku hicho alikitengeneza Chapchap mwenyewe, bintiye, kitindamimba wa nyumba. Kilikuwa na vitufe vikubwa vya herufi, kioo chembamba cha kuonyesha maneno, spika, na pembeni vitufe viwili: cha kijani cha kusema na chekundu cha kuacha. Mzee akiandika sentensi na kubonyeza kijani, kisanduku huisoma kwa sauti ya kiume yenye mafua kidogo, neno baada ya neno, bila haraka hata chembe.

Na huyu mzee, jamani, alikuwa dalali. Alinadi vitanda, baiskeli, majokofu, mabati, hata mlango usio na nyumba aliwahi kuupatia mteja. Watu walisema anaweza kumuuzia kipara kitana na kipara akarudi kesho kutaka cha pili. Ndiye aliyempa bintiye jina la Chapchap, kwa sababu tangu mdogo alikuwa akijibu kabla hajaulizwa na kufika kabla hajatumwa. Jina la cheti likasahaulika, hilo likabaki.

Kando ya mzee alikaa kaka mkubwa, kifungua mimba, kontrakta wa majengo, na bonge la funguo limemning'inia kiunoni. Alikwisha kupaka rangi chumba cha uani nyumbani kwake kwa ajili ya baba. Chapchap hakutaka hata kukisikia chumba hicho. Yeye alitaka baba arudi kwenye nyumba yake mwenyewe, kule ghorofani alikoishi na marehemu mama, na yeye Chapchap ahamie huko kumtunza. Kaka na dada walikuwa wameshagombana juu ya jambo hilo mpaka wauguzi wakawajua kwa sauti.

Mzee aliandika. Kidole kilipanda, kikaelea, kikashuka juu ya herufi, kikapanda tena. Hajawahi kuandika sentensi ndefu namna ile. Daktari alitazama pembeni ili asimharakishe, kaka akageuza simu yake chali na kuigeuza tena kifudifudi. Mwishowe mzee akashusha pumzi, akabonyeza kijani.

Kisanduku kikapiga muziki. Noti tatu za kupanda, zile za kuamkia, kama kengele ya mlango. Kioo kikawa cheupe, maneno yote hayapo.

Mtu mwingine angedhani kimekosea kidogo. Chapchap alijua maana yake. Noti zile hupigwa mara moja tu, kinapowashwa. Kisanduku kilikuwa kimekufa na kufufuka mbele ya daktari, na kila alichoandika baba kimekwenda na maji.

Daktari alimwomba mzee aandike tena. Mzee alikitazama kidole chake, kilichokuwa kinatetemeka kwa uchovu, akatikisa kichwa. Kisha akageuzia uso dirishani.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliwaeleza taratibu, bila kuficha. Akimuuliza mzee ndiyo au hapana, anatikisa kichwa vizuri tu, lakini hata mwenye homa kali hutikisa kichwa. Yeye alitakiwa kuthibitisha kwamba mgonjwa anaweza kueleza anachotaka na sababu zake. Akishindwa kuthibitisha, uamuzi wote utahamia kwa mtoto mkubwa: makazi, matibabu, kila kitu, na kuurudisha baadaye ni shughuli pevu. "Nitamwona tena keshokutwa asubuhi," alisema. "Baada ya hapo siwezi kusogeza."

Kwenye korido kaka alisimama karibu na ukuta, sauti chini, maana wauguzi walikuwa wakipita.

"Wewe unamtengenezea mdomo, mimi namtengenezea chumba," alisema. "Chumba hakizimiki."

Chapchap alimpa mgongo. Alikikumbatia kisanduku, akaondoka.

Kesho yake alikipeleka kazini. Chapchap alikuwa fundi wa programu kwenye kiwanda cha mita za maji, yaani ndiye aliyeandika yale maagizo yanayokaa ndani ya mita na kuiambia ihesabu vipi. Meza yake ilikuwa mwisho wa ukumbi, karibu na mashine ya kuunganisha mifuniko, ambako harufu ya plastiki ya moto haikosekani. Alimwambia mkubwa wake ukweli, kwamba ana shida ya baba, na mkubwa wake akampa siku hiyo bila maswali. Siku moja, si zaidi.

Asiyeijua kazi hii na aelezwe hivi. Ndani ya kisanduku mna kumbukumbu, na kumbukumbu ni mtaa wenye viwanja vilivyopewa namba. Kila mzee anapobonyeza kijani, programu huenda kuomba kiwanja cha kuiweka ile sentensi: herufi zake zote, na nafasi moja ya ziada mwishoni kwa ajili ya sifuri, ambayo ndiyo alama kwamba maneno yamekwisha. Bila sifuri hiyo kisanduku hakijui kunyamaza. Kitaisoma sentensi, kitapitiliza, kitaanza kusoma makapi ya kiwanja cha jirani. Ombi likikubaliwa, programu hupewa kielekezi, yaani namba ya kiwanja, na hukishika mpaka kazi iishe na kiwanja kirudishwe. Na nafasi ikikosekana? Hupewa kielekezi vilevile, ila ni kielekezi tupu, kisichoelekeza popote. Lugha ya C, aliyoitumia Chapchap, ni kongwe na haibembelezi mtu. Haikwambii pole, tumejaa. Inakukabidhi ule utupu kimya kimya, na ni juu yako kuutazama kabla hujaanza kusomba mizigo. Usipoutazama, utaimwaga sentensi nzima mahali pasipo mahali, na mashine itakufa hapo hapo.

Chapchap hakuwa ameutazama. Kuuliza si ujinga, na swali lenyewe ni mstari mmoja tu: nimepewa kiwanja au nimepewa utupu? Lakini aliandika programu ile kwa haraka zake zilezile, akajiambia kwamba sentensi za mzee ni ndogo na mtaa ni mkubwa, nani ataujaza. Sasa alikaa na mstari ule usiokuwepo mbele ya macho yake, akaona aibu kama mpishi aliyesahau chumvi kwenye karamu ya mkwewe.

Aliuandika mstari. Halafu akaona kwamba hajatibu kitu. Kisanduku hakitakufa tena, sawa, kitaandika kwenye kioo "nafasi imejaa" na kukaa kimya kwa adabu. Mbele ya daktari, kufa na kukaa kimya kwa adabu kuna tofauti gani? Swali kubwa lilikuwa jingine. Nafasi iliisha vipi?

Basi akaanza kukijaribu. Aliandika sentensi, akabonyeza kijani, akasikiliza mpaka mwisho, akatazama hesabu ya nafasi iliyobaki. Ilishuka wakati wa kusema, ikarudi palepale kilipomaliza. Akajaribu fupi, akajaribu ndefu, akaingiza mashairi ya utotoni na matangazo ya mnada ya baba yake. Aliikagua hata ile nafasi ya sifuri, akakuta ipo mahali pake. Kila kiwanja kilirudishwa, hakuna hata kimoja kilichodhulumiwa. Kufika adhuhuri alikuwa ameyarudia majaribio mpaka sauti ile yenye mafua ikaanza kumtia kichefuchefu, na kosa halionekani. Hakuna kitu kinachomtisha fundi kama mashine iliyokufa jana na leo inacheka.

Meza ya pili alikaa mwanamke waliyemwita Bi Kasoro. Kazi yake pale kiwandani ilikuwa kuharibu: huzipokea mita mpya, huziangusha, huzichemsha, huzifungia maji ya matope, na kinachovunjika anakiandikia ripoti. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa na huruma na kifaa chochote. Alivuta kiti chake mpaka kwa Chapchap, akasikiliza habari yote.

"Ulipokuwa unakitengeneza, ulikijaribu na nani?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Na mzee wako huongea peke yake?"

Chapchap akasema hapana, huongea na wao, na wauguzi, na kaka.

"Haya, andika. Nami ni mgeni niliyekuja kumtazama mgonjwa."

Chapchap akaandika sentensi, akabonyeza kijani. Kisanduku kilipofika neno la pili, Bi Kasoro akadakia kwa sauti kubwa kwamba wala asijali, yeye anajua anachotaka kusema, na binamu yake naye aliugua hivyohivyo akapona kwa mazoezi. Akaendelea na binamu yake. Kisanduku kikawa kinasomea hewa. Chapchap, bila hata kufikiri, akabonyeza chekundu ili kinyamaze, kama ambavyo yeyote angefanya.

Wote wawili wakatazama hesabu. Nafasi ilikuwa imeshuka. Wakangoja. Haikurudi.

Wakarudia. Ikashuka tena, ikabaki hukohuko chini. Chapchap aliifungua programu, na alipajua pa kutazama kabla ukurasa haujatulia. Mstari wa kurudisha kiwanja aliuweka mwisho kabisa, baada ya neno la mwisho kusemwa. Lakini kitufe chekundu kilikuwa na mlango wake wa kutokea, na mlango huo ulitokea mapema, kabla ya kufika kwenye mstari huo. Sentensi iliyosemwa mpaka mwisho iliachia nafasi yake. Sentensi iliyokatizwa ilibaki imekalia kiwanja, haina mwenyewe, haina wa kuirudisha, mpaka kisanduku kife.

"Basi huyo mzee amekatizwa sana," alisema Bi Kasoro, akarudi kwenye mita zake.

Chapchap hakusikia vizuri, maana alikuwa amekwisha kulirukia jina la mwenye hatia. Kaka. Nani mwingine? Kaka ambaye hukaa pembeni ya kitanda na kupanga maisha ya watu kama anapanga matofali. Alijawa na hasira tamu, ile ya mtu aliyekuwa na haki muda wote. Akataka ushahidi. Kufa na kufufuka kwa kisanduku hakufuti viwanja. Hufuta tu daftari la nani anamiliki kipi, na yale yaliyoandikwa hubaki chini mpaka mwingine ajenge juu yake. Majaribio yake ya asubuhi yalikuwa yamekalia viwanja vya mwanzo tu. Akachomeka kebo, akamwaga kumbukumbu yote kwenye kompyuta.

Zilikuwepo. Sentensi nzima nzima, kila moja na sifuri yake mwishoni, zimepangana kama watu kwenye foleni isiyosogea.

Ya kwanza ilisema: "Chai hii tamu kaa tunywe wote."

Aliisoma mara mbili. Aliikumbuka siku hiyo. Kisanduku kilisema "chai", naye akaruka, akasema nakuletea nyingine, baba, akakimbia na kikombe mpaka kwenye birika la wauguzi. Aliporudi, baba alikuwa amekwisha kubonyeza chekundu.

"Dirishani kuna njiwa wawili nimewapa majina." Kisanduku kilisema "dirishani", naye akaenda kulifunga dirisha.

"Mguu hauumi leo nimeota nacheza." Kilisema "mguu", naye akamwita muuguzi.

"Kaka yako usimgombeze anaogopa kama mimi." Kilisema "kaka yako", naye akasema nitaongea naye, baba, usiwe na wasiwasi, na kweli alikwenda kuongea naye, kwenye korido, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia.

Chapchap aliendelea kusoma kwa sababu kuacha kulimtisha zaidi. Alizokatiza kaka zilikuwemo, ndiyo, za muuguzi pia, na za jirani mmoja mpenda habari. Lakini nyingi, nyingi mno, zilikuwa zake yeye, Chapchap, mwenye kumpenda baba kuliko wote, mwenye kujua anachotaka kabla hajasema. Kuelekea mwisho ilikuwepo moja iliyomfanya aondoe mikono mezani.

"Nyumbani kwangu naogopa ngazi zile na kitanda cha mama yenu."

Siku ile aliposikia "nyumbani kwangu", alimshika baba mkono, akamwambia atarudi nyumbani kwake, ahadi, hata kama itabidi apigane na kaka mchana kweupe. Baba alimtazama kwa muda. Kisha akabonyeza chekundu.

Chapchap alilia pale pale, katikati ya harufu ya plastiki, na Bi Kasoro akageuza kiti chake kumkinga na macho ya watu. Aliona aibu na aliona woga, na woga ulikuwa mkubwa zaidi. Maana sentensi aliyoitaka hasa haikuwemo. Jibu la baba kwa daktari halikupata kiwanja. Liliomba nafasi likapewa utupu, na halikuandikwa popote duniani. Alijua sasa kwamba hajui baba anataka nini. Alikuwa na usiku mmoja tu mbele yake, na alikuwa ameapa kwa daktari, kwa kaka na kwa wauguzi wote kwamba anajua.

Kurekebisha kosa kulichukua mstari mmoja. Bi Kasoro alimkatiza jioni nzima iliyobaki, kwa matusi ya kirafiki na hadithi za binamu, na kila mara hesabu ilirudi juu.

Alipokipeleka kisanduku wodini, muuguzi alikuwa anakusanya sahani za chakula cha usiku. Mzee alikipokea, akakipapasa pembeni kama anavyokagua bidhaa, akaanza kuandika. Chapchap alikaa. Aliibana mikono yake katikati ya magoti.

"Leo umenyamaza," kilisema kisanduku, polepole, mpaka mwisho. "Unaumwa?"

Chapchap akacheka bila kutaka. Akamwambia hapana. Akamwambia kosa limepatikana, na kwa kuwa hakuwahi kumdanganya baba yake kuhusu kazi, akamweleza lilivyokuwa: kwamba kila walipomkatiza, maneno yake yalibaki ndani hayana pa kwenda, mpaka yakajaa.

Kidole kilipanda. "Umeyasoma?"

"Nimeyasoma, baba. Nisamehe."

Uso wa mzee ulisogea upande mmoja, ule unaoweza kucheka. Halafu ukatulia, akaandika kwa muda mrefu, na Chapchap alihesabu vigae vya sakafu ili asichungulie kioo.

"Kesho usinisemee," kilisema kisanduku. "Hata nikikwama."

Aliitikia. Hajawahi kutoa ahadi nyepesi hivyo mdomoni na nzito hivyo tumboni. Usingizi ulimpaa. Aliwaza betri, akawaza spika, akawaza kama ile sifuri ya mwisho imekaa sawa kwenye kila njia, akawaza kidole cha baba kikichoka katikati na daktari akitazama saa yake. Naye amekaa pale, anayajua maneno mawili matatu ambayo yangeweza kumwokoa, ameapa kutoyasema.

Asubuhi chumba cha daktari kilikuwa kilekile, viti vilevile. Kaka alikuwa amevaa shati la kwenda benki na alikuwa na karatasi kwenye bahasha. Chapchap alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu baba augue, akaona kwamba amekonda na kwamba ndevu zake zimeachwa upande mmoja. Anaogopa kama mimi, alikuwa amesema baba. Kumbe ilikuwa inaonekana wazi, kwa yeyote ambaye angetazama.

Daktari akauliza swali lake neno kwa neno. Mzee akaanza kuandika.

Aliandika, akafuta, akaandika. Kiyoyozi kilinguruma. Kidole kilianza kutetemeka mahali palepale kilipotetemeka juzi. Kaka akakohoa. Daktari akashika kalamu, akaiacha. Mzee akabonyeza kijani.

Chapchap alingoja zile noti tatu.

"Nyumbani kwangu," kilisema kisanduku kwa sauti yake yenye mafua.

"Baba," kaka akadakia papo hapo, ameinama mbele, "lile tulishaongea, zile ngazi huwezi, na Chapchap anafanya kazi mchana kutwa, sasa ukianguka huko nani—"

Kisanduku kiliendelea kusema chini ya sauti yake na hakuna aliyekisikia. Kidole cha mzee kikaondoka kwenye herufi, kikaanza safari ya kuelekea pembeni, kwenye chekundu. Chapchap alikiona kinakwenda. Alikuwa amekiona kikienda huko mara nyingi, wala hakuwahi kujua anatazama nini.

Alimshika kaka yake mkono. "Kaka," alisema, "bado hajamaliza."

Hakusema kwa ukali, na labda ndiyo sababu kaka alinyamaza, maana ukali wa Chapchap alikwisha kuuzoea. Kidole kilisimama juu ya chekundu. Kikangoja. Kisha kikarudi, kikabonyeza kijani upya, na kisanduku kikaanza tangu mwanzo.

"Nyumbani kwangu sitaki. Ngazi zinanitisha na kitanda kile ni kikubwa sasa. Nitakaa kwa mwanangu mkubwa."

Ilimchoma Chapchap, kusiwe na uongo hapo. Kusoma kwenye kompyuta ni kitu kimoja, kusikia mbele ya daktari kwamba vita yako yote ulipigania upande usio na mtu ni kitu kingine. Kaka aliketi nyuma, mabega yakashuka kama aliyetuliwa mzigo, na mkono wake ulianza kuitafuta bahasha.

"Lakini si chumba cha uani," kiliendelea kisanduku. "Nataka cha mbele chenye dirisha la barabarani. Nataka kuona watu wakinunua na kuuza. Ufunguo nikae nao mimi."

Mkono wa kaka uliiacha bahasha.

"Chapchap asihame kwake. Aje Jumamosi. Anywe chai akiwa amekaa."

Kisha kimya. Kioo kikawa cheupe, spika ikatulia. Daktari alitabasamu, akavuta karatasi yake, halafu, kwa mazoea ya watu wote waliowahi kuingia chumba cha mzee huyu tangu augue, akamgeukia binti.

"Amemaliza?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo, daktari, amemaliza, asante. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, jepesi, la adabu, na lilionekana la kweli kabisa.

"Muulize mwenyewe," alisema Chapchap.

Daktari akaona haya kidogo, akamgeukia mzee, akamuuliza. Mzee hakutikisa kichwa. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kurudi kwenye herufi na kinatembea, kimechoka, kinakosea na kurudi nyuma. Wote watatu walikaa wakakingoja. Nje mtu alisukuma kitanda chenye gurudumu bovu kikapita na kwenda zake. Hakuna aliyejaza kimya kile.

"Mara ya kwanza," kilisema kisanduku. "Mara ya pili."

Kaka aliinua kichwa. Wangeweza kuwa watoto wadogo tena, wamekaa juu ya masanduku nyuma ya jukwaa la mnada, na mtu mrefu mwenye nyundo anahesabu hivyohivyo, amesimamisha umati mzima pumzi moja kabla ya kugonga mara ya tatu na kuuza. Kisanduku hakikusema kingine. Hakikuwa kimekufa, taa yake ilikuwa inawaka. Mzee alikuwa ameuondoa mkono wa kushoto kwenye vitufe na kuuinua juu, umekunjwa ngumi, akiwatazama mmoja mmoja kama kuna mwenye bei zaidi.

Chapchap alikaa kimya mpaka ngumi ikashuka, ikagonga meza ya daktari.